Moja Haiui

Jumapili, Machi 9

Mvua za masika zimeanza leo, kwanza ya mawe, kisha ya kawaida. Kaka alisogeza makochi yote ya wateja kwenye ukuta mkavu, na ile meza yake ndefu ya kukatia vitambaa ikabaki peke yake katikati ya karakana. Hapo ndipo tunapochezea.

Nieleze mchezo, maana nikizeeka nitaisoma shajara hii nijiulize watu wazima watano tulikuwa tunatafuta nini kwenye dadu. Hauna ubao wala kete za kusogeza. Kuna kijitabu nilichokiandika mwenyewe, kwenye zamu tulivu za uuguzi hospitalini. Nusu ya kwanza inaeleza Mji wa Chumvi, mji wenye kuta uliojengwa juu ya bonde la chumvi. Nusu ya pili ni kanuni. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya mji. Anasema mtu wake anafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Mimi sina mtu wangu. Mimi ni watu wengine wote, pamoja na mvua na milango, ndiyo maana wananiita Mwenye Mji.

Kaka ni fundi makochi, na mtu wake ni askari mstaafu apendaye usingizi. Kwa kifupi, kajicheza mwenyewe. Mkewe, wifi yangu, ni msusi, na mtu wake anavusha magendo kwa ulimi tu. Yupo fundi umeme tunayemwita Waya, kwa wembamba wake, na kwa sababu ukimgusa vibaya anawaka. Na yupo Bucha, muuza nyama wa pale kona, jitu la miraba minne lenye sauti ya kunong'ona. Mtu wake ni mganga wa mifupa.

Ukurasa wa kwanza wa kijitabu unasema wazi: katika Mji wa Chumvi kumwaga damu ni mwiko mkuu, kwa kuwa damu ikiingia kwenye chumvi, mji mzima unailamba. Niliiandika sentensi ile kwa fahari. Leo, chai haijapoa, walikuwa wameshamuua mlinzi wa lango.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Ajali ya pikipiki, paja limevunjika mara mbili. Nimechoka.

Jumapili, Machi 16

Leo wamemuua muuza maji. Walimshuku ni mpelelezi wa watawala wa mji. Hawakumuuliza hata swali; walimzunguka kichochoroni na Kaka akasema, "Tunampiga."

Kanuni yangu ya mapigano ni rahisi. Ukipiga peke yako unarusha dadu moja. Kila anayekusaidia anaongeza dadu nyingine, na tunachukua iliyo kubwa. Anayepigwa akishinda, anamuumiza yule aliyeanza tu, wasaidizi hawaguswi. Niliiona kanuni nzuri. Nilidhani inafundisha umoja.

Waya akaongeza dadu yake, Wifi yake, na Bucha, baada ya kusitasita kidogo, akaitelezesha ya kwake mezani kwa kidole kimoja. Muuza maji alikuwa na dadu moja. Alikufa kabla sijamaliza kueleza uso wake.

"Kijitabu kinasema damu ni mwiko," nikawaambia.

"Kijitabu kinasema," Waya akajibu, "lakini dadu hazijasikia. Nionyeshe kanuni inayonizuia."

"Ni dunia yenyewe ilivyo. Watu wa mji ule hawaui hovyo."

"Mwenye Mji, watu wa mji ule ni sisi, na tumeua wawili kwa Jumapili mbili. Dunia ni kile ambacho kanuni inakiruhusu. Haya mengine ni mapambo ya mlangoni."

Wifi akacheka. "Mume akikwambia nyumbani kwake hakuna kelele, wewe sikiliza kwanza sufuria."

Nilichukia. Bucha ndiye aliyekusanya dadu. Aliniambia kwa sauti yake ndogo, "Mimi sikutaka afe, dada. Ila niliona wenzangu wanaongeza, na kuongeza hakugharimu kitu."

Jumatano, Machi 19

Alasiri wameleta kijana nyuma ya gari la mchanga. Mvua ilikuwa imemuosha, kwa hiyo kila kitu kilionekana vizuri kuliko nilivyotaka. Fuvu limebonyea juu ya sikio la kushoto. Mikono yote miwili imevunjika katikati ya kiwiko na kifundo, pale inapovunjika mtu anapojikinga kichwa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani anapovuta hewa badala ya kutoka nje. Mgongo na miguu ilijaa michirizi, myekundu na myeusi, ya fimbo, ya mkanda, ya bomba. Nilipojaribu kuitenganisha kwa macho nilishindwa.

Walisema kaiba mtungi wa gesi. Alikufa nikiwa nimemshika taya ili ulimi usimzibe. Alikuwa amevaa soksi tofauti.

Askari aliyekuja kuandika alimuuliza dereva nani kampiga. Dereva akasema, "Wananchi." Askari akaandika hivyo hivyo, wananchi, akafunga kalamu.

Alhamisi, Machi 20

Nimepita kwa Bucha kununua nyama. Alikuwa anaosha ubao kwa maji ya moto, na hakuniangalia. Nikajua. Sijui nilijuaje. Ni kama vile unavyojua mfupa umevunjika kabla ya picha.

"Ulikuwepo jana," nikasema.

Akaendelea kusugua. Yeye yumo katika kikundi cha ulinzi cha mtaa. Wote wenye maduka pale kona wamo, na Mwenyekiti wao, mwenye duka la vipuri, hupita na filimbi kuwaita. "Niliitwa," akasema. "Nilipofika alikuwa ameshalala chini. Nilimpiga fimbo moja ya mguu."

"Alishalala, ukampiga."

"Moja, dada. Kila mtu alimpiga moja moja. Moja haiui."

Nimetoka bila nyama. Jioni Kaka ameniuliza mbona tunakula mboga tupu, nikamwambia bucha limefungwa.

Jumapili, Machi 23

Hatukucheza. Nimesema naumwa kichwa, na si uongo.

Jumanne, Machi 25

Nimechana kurasa za mapigano kwenye kijitabu nikaandika upya. Nimeiita Kanuni ya Mkono. Hakuna kuongezeana dadu tena. Kila anayepiga anarusha peke yake, kwa zamu yake, lakini kwanza anataja mambo matatu kwa mdomo wake: anapiga kwa nini, yaani kwa kifaa gani, anapiga wapi, na anayepigwa anamwangalia vipi. Pigo likipata, mimi naeleza jeraha, na jeraha hilo halifutiki kwa kulala usiku mmoja kama zamani. Linabaki kwenye mwili wa mtu yule mpaka mtu amtibu au amzike. Na aliyepiga anaandika alama ya damu chini ya jina lake.

Ukurasa wa kwanza, ule wa mwiko, sijaugusa hata neno.

Jumapili, Machi 30

Niliwapa mwizi. Amekamatwa ndani ya ghala la chumvi na mfuko begani, wamemzunguka, hana pa kukimbilia. Nilijua ninachofanya, na walijua pia.

Kaka, kwa mazoea: "Tunampiga."

"Hakuna tunampiga. Nani?"

Wakatazamana. Wifi akajitolea. "Haya, mimi. Nampiga."

"Kwa nini?"

"Kwa... kijiti cha mizani."

"Wapi?"

"Mgongoni. Jamani."

"Anakuangalia vipi?"

Wifi, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno tangu kaka amlete nyumbani, akainamisha kichwa. "Ananiangalia kama mtu aliyeshikwa," akasema, akarusha. Ikapata. Nikamweleza ubavu unavyosikika unapoachia, na jinsi mtu anavyojaribu kuvuta hewa kidogo kidogo kama anayekunywa uji wa moto. Sikupandisha sauti. Waya naye akapiga, kwa ubishi tu: rungu, begani. Nikamweleza bega.

Ikafika zamu ya Bucha. Alishika dadu katika kiganja kile kikubwa, ikapotea humo. Nikamuuliza, "Kwa nini?" Akafumba kiganja. "Wapi?" Akaiweka dadu mezani taratibu kama yai, akasimama, akatoka mvuani bila koti.

"Umetuharibia mchezo," Waya akasema.

"Mchezo ni ule ule. Mji ni ule ule."

"Si ule ule hata kidogo. Tulipocheza mara ya mwisho nilikuwa mtu jasiri. Leo ni mtu anayempiga mwizi bega." Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imemsimama. Kisha akavuta kijitabu, akasoma ukurasa wa kwanza kama anauona leo. "Sasa ndiyo kinalingana," akasema, kwa shingo upande.

Jumatano, Aprili 2

Mvua. Paa la karakana linavuja juu ya kochi la mke wa mchungaji. Kaka kaweka ndoo.

Jumapili, Aprili 6

Bucha hakuja. Tumecheza bila yeye na hakuna aliyeua mtu. Walitumia mchana mzima kubishana na karani wa ushuru wa chumvi. Wifi anasema hajacheka hivyo tangu harusi yake, na kwamba harusini alikuwa anamcheka Kaka.

Jumapili, Aprili 13

Amekuja. Alikaa, akasema, "Yule mwizi bado yuko ghalani?" Nikasema yupo. "Mganga wangu anambeba." Akatumia mchana wote kumtibu, mbavu kwa mbavu, akirusha dadu kana kwamba roho iko humo. Mwizi amepona nusu. Hakuna aliyemharakisha.

Waya alikuwa anatafuta tundu kwenye kanuni mpya, kama anavyotafuta njia ya umeme ukutani. Mwisho akalipata. "Hapa, Mwenye Mji. Anayepiga anarusha. Na asiyepiga, amesimama tu anatazama? Huyo harushi, haandiki alama, anapita bure."

"Hajafanya kitu."

"Ndiyo ninavyosema."

Nikamwambia nitafikiria.

Bucha alibaki kunisaidia kukunja vitambaa. Amesema amemwambia Mwenyekiti hataitika filimbi tena, na Mwenyekiti kamwambia mtaa hausahau. Nilimshika mkono. Sijui kama nimemsamehe. Yule kijana si wangu hata nimsamehee.

Ijumaa, Aprili 18

Upepo umeangusha nguzo mbili. Mtaa mzima hauna umeme. Waya anapanda na kushuka nyumba za watu kama paka. Na wezi wa nyaya wamekuja na giza: wamekata nyaya za shaba za pampu ya kisima cha shule. Filimbi inalia kila siku.

Jumatatu, Aprili 28

Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole. Wa kulia una plasta. Haya ni mambo ya juzi, Jumamosi, na nimejiahidi kuyaandika yote.

Ilikuwa baada ya saa nane mchana. Mvua haikuwa kubwa, ile ya kudondoka tu. Mimi na Wifi tulikuwa saluni kwake, ananisuka, nusu ya kichwa imekwisha na nusu imesimama. Filimbi ikalia, karibu sana. Kisha tukasikia ile sauti. Sijui niieleze vipi kwa asiyeijua. Si kelele za ugomvi. Ugomvi una sauti mbili. Hii ni moja, na ina kitu kama furaha ndani yake.

Tulikimbia. Nyuma ya ghala la saruji kuna ukuta mrefu, na chini ya ukuta umati. Watu wengi walikuwa wamefungua miamvuli. Hilo sitalisahau: miamvuli mizuri, ya maua, na watoto wameinuliwa mabegani ili waone. Tulipenya kwa viwiko.

Alikuwa Waya. Alitumwa na mwenye ghala kurudisha umeme. Alipanda ukuta kwa sababu lango lilikuwa limefungwa, akiwa na mzingo wa nyaya begani. Mtu akapiga ukelele wa mwizi wa nyaya. Mzingo ule ule walikuwa wameufunga shingoni mwake na mtu alikuwa anauvuta. Jicho la kulia halikuwa jicho tena. Alikuwa anajaribu kusema kitu, nadhani jina la mwenye ghala, lakini mdomo ulikuwa umejaa meno yake. Mmoja alikuwa amesimama juu ya mkono wake wa kulia kwa buti, anausaga kwenye kokoto kama mtu anayezima sigara.

Wifi alimkimbilia. Alimlalia juu, mwili mzima, na khanga yake, na fimbo zilizokuwa njiani zikamwangukia yeye.

Mimi nilifanya nililolijua. Nilianza kuwaita. "Wewe, Baba Mapacha," kwa sababu yule wa kwanza mbele yangu alikuwa Baba Mapacha, fundi baiskeli, nami nilikuwa zamu wanawe walipozaliwa. "Unampiga kwa nini? Hilo bomba umelitoa wapi? Unampiga wapi? Huyu ni fundi umeme, aliwasha taa kwako juzi." Akaniangalia kama nimemwamsha usingizini. Bomba likamteremka. Mwingine pembeni yake naye akarudi nyuma, akijifuta mikono. Kwa muda mfupi niliamini. Niliamini kabisa kwamba nikiwafikia wote, mmoja mmoja, itakwisha.

Lakini mtaani hakuna mwenye kusema sasa ni zamu ya nani. Nikiwa namwita wa tatu, wawili wengine walikuwa wanampiga Waya nyuma yangu. Mwenyekiti akatoka katikati yao, filimbi shingoni, akauliza, "Na huyu ni nani, mke wa mwizi?" Akanishushia nondo. Niliweka mkono juu ya kichwa. Niliusikia mfupa kabla ya maumivu, na nikajua ni upi.

Kisha akaokota tofali la saruji kwa mikono miwili, akalinyanyua juu ya Wifi na Waya.

Bucha alitokea upande wa ghala, na aproni yake ya kazi, mbio. Alimpiga Mwenyekiti fimbo ya taya. Tofali likaanguka kando. Pigo lile lilimwokoa wifi yangu na Waya, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Mwenyekiti akaenda chini. Ingeishia hapo. Umati ulikuwa umeshakatika, miamvuli inageuka, watu wanatembea haraka haraka kama waliokumbuka jiko.

Haikuishia hapo. Bucha alimpiga tena. Alimpiga mabegani, kichwani, mikononi alipojikinga, na kila pigo alikuwa anasema kwa ile sauti yake ndogo, "Huyu ni mimi. Huyu ni mimi." Nilimwita, hakusikia. Mwenyekiti aliacha kujikinga na bado anapigwa. Fimbo ilipovunjika aliendelea kwa kipande. Kaka alifika na gundi mikononi, akamkumbatia kwa nyuma, wote wawili wakaanguka kwenye tope. Ndipo nikaona nimekaa chini, na nusu ya nywele zangu zimesimama, na mvua inaniingia mdomoni.

Jumatano, Aprili 30

Waya ataishi. Jicho hapana. Vidole viwili vya mkono wa kulia hapana.

Ijumaa, Mei 2

Mwenyekiti amefariki alfajiri, kitanda cha pili kutoka kwa Waya. Mjane wake alipiga kichwa ukutani mpaka wenzangu wakamshika. Mimi niko likizo ya ugonjwa lakini nilikuwepo, nimekaa na Waya. Nilimfuta yule mama damu ya paji la uso kwa mkono wa kushoto. Hakujua mimi ni nani. Nisingependa ajue.

Bucha wamemfunga pingu saa nne asubuhi. Alikuwa ameshavaa shati safi, anawasubiri.

Jumapili, Mei 4

Leo hatukucheza. Kaka kaweka kochi juu yake.

Jumanne, Mei 6

Mpelelezi amenihoji. Ni mtu mpole, anapenda kazi yake iwe fupi. Anataka niseme nilimwona Bucha akimpiga marehemu. Nikamuuliza, na waliompiga fundi umeme? Akasema, "Hao ni wananchi, dada yangu. Utamkamata nani?"

Watu tele walimpiga mtu mmoja, na hakuna aliyefanya. Mtu mmoja alimpiga mtu mmoja, na kuna jina, kuna pingu, kuna kesi. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo mahali popote. Lakini kila mtu mtaani anaijua na kuicheza bila kukosea, halafu jioni tunasimuliana kwamba huu ni mtaa wa watu wema. Nami nilikuwa nikisimulia hivyo hivyo.

Nimeomba siku mbili kabla ya kuweka sahihi.

Jumatano, Mei 7

Nimekwenda mahabusu kumwona Bucha. Amekonda usoni. Nimemwambia naweza kusema aliacha Mwenyekiti alipoanguka; ni mimi, Wifi na Kaka tu tuliokuwa karibu, na Kaka ameshasema hakuona kitu.

"Usinipunguzie," akasema.

"Watakufunga miaka."

"Dada, nilimpiga akiwa amelala. Ni mara ya pili nampiga mtu aliyelala. Ya kwanza hakuna aliyeniuliza, na ndiyo iliyonila." Alinyoosha vidole vyake kwenye wavu, zikapenya kucha tu. "Sema yote. Ila kama unasema yangu, sema na ya wenzangu."

Alhamisi, Mei 8

Nilimsomea Waya kitandani majina niliyoyakumbuka, naye akaongeza ya kwake. Anasema kwa tabu, meno ya mbele hayapo. Tulipomaliza, akauliza, "Na wale wa miamvuli?"

"Hawakupiga."

"Mwenye Mji. Nilikuwa chini pale. Waliokuwa wananipiga hawakuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanawaangalia wao." Akapumzika kidogo. "Ukiwatoa wale, wanabaki watu sita wenye fimbo na aibu."

Nimeandika na wa miamvuli.

Ijumaa, Mei 9

Nimeweka sahihi. Nimesema kila mtu, kwa nini, wapi. Baba Mapacha, bomba, mbavuni. Mwenyekiti, nondo, mkono wangu. Bucha, fimbo, taya. Na baada ya hapo pia, yote, mpaka fimbo ilipovunjika. Mpelelezi aliacha kuandika katikati, akaniuliza kama ninajua ninaishi wapi. Nikamwambia ninajua, ndiyo maana.

Kaka hazungumzi nami. Si hasira, ni hofu. Amekata kitambaa cha mteja vibaya mara mbili.

Jumapili, Mei 11

Wamevunja kioo cha saluni. Jiwe lilimkosa mteja kwa shubiri. Wifi amefagia, akaendelea kusuka. "Hewa inaingia vizuri," akamwambia mteja.

Jumatano, Mei 14

Wanane wameitwa kituoni. Hakuna aliyekiri. Kwenye bomba la maji barabarani, wanawake wanahamisha ndoo zao nikifika.

Jumatatu, Mei 19

Mtu amenitemea mate sokoni. Mama wa makamo, mwenye mwamvuli wa maua.

Jumamosi, Mei 24

Siku ya pili mfululizo ya jua. Waya ametoka hospitalini na amekuja kwetu, maana kwake kuna ngazi. Tulikuwa karakana, Kaka anampimia mto wa kuegemeza mkono, anapima kwa uangalifu mno. Mlango ukagongwa. Alikuwa Baba Mapacha.

Wifi alichukua mkasi wa kitambaa. Baba Mapacha akauona na hakurudi nyuma. Alikuwa amenyoa, amevaa viatu. Akasimama mbele ya kiti cha Waya.

"Nilikupiga kwa bomba," akasema. "La fremu ya baiskeli. Nilikupiga mbavuni hapa, kushoto, mara tatu. Dada alisema moja, kwa sababu nyingine hakuziona. Ulinitazama. Nilikuona ni wewe, nikapiga ya tatu."

Waya alijisukuma kwa mkono mzima mpaka akasimama, akiyumba, kwa kuwa jicho moja bado linamdanganya umbali. Akamtandika Baba Mapacha kofi, kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote. Lilimchana mdomo. Baba Mapacha alibaki amesimama pale pale, mikono chini.

"Hilo ni langu," Waya akasema. "Nimelipiga mimi, na hawa wote wameniona."

"Sawa," Baba Mapacha akasema. Damu ilikuwa inamshuka kidevuni, akaiacha. "Nakwenda kituoni kusema nilivyosema hapa. Nimefika mpaka getini jana na juzi, nikarudi. Peke yangu siwezi."

Wifi akaweka mkasi chini. Kaka alimtazama Waya, na Waya akatazama viatu vyake ambavyo hajaweza kufunga kamba tangu atoke hospitalini. Baba Mapacha akapiga goti, akazifunga, zote mbili, kwa mafundo mawili.

Wakielekea kituoni, nimewasindikiza mpaka kona, pale bucha lilipofungwa. Barabara bado ina madimbwi, ingawa jua linawaka. Waya hayaoni ya upande wa kulia. Baba Mapacha alihamia upande huo, akamshika kiwiko, na kila penye maji alimwambia, "Hapa," na Waya akapanua hatua.